Ukurasa wa Kumi na Saba

Kazi yangu ni kusoma kwa sauti.
Kurasa kumi na tisa, chumba namba nne,
kliniki ya Kariobangi, nyuma ya mafundi wa kuchomelea,
na Julai hii baridi imeingia hata ndani ya kalamu.

Nasoma: hii si tiba, ni utafiti.
Nasoma: hatujui kama sindano hii itakufaa,
ndiyo maana tunaijaribu.
Nasoma: wengine watapata dawa, wengine maji ya chumvi,
wewe hutajua, nami sitajua,
kompyuta ndiyo ijuayo.

Bi. Kasiva alicheka hapo.
"Kumbe mmeniita kwenye bahati nasibu,
na tiketi ni mkono wangu."

Sikuandikiwa jibu la hilo.

Mwaka juzi, utafiti mwingine, meza hii hii,
foleni ilifika langoni na msimamizi alikuwa akitazama saa.
Nilimsomea Odero, fundi wa viatu,
ukurasa wa kumi na saba kwa pumzi moja,
kama masharti ya mkopo wa simu:
damuitakayobakiitahifadhiwakwamatumiziyabaadaye.
Akauliza, "Baadaye ya nani?"
Nikamwambia, "Ni utaratibu tu."
Akachovya kidole gumba katika wino.

Hakuna aliyekufa. Nataka hilo lieleweke.
Hapakuwa na la kuandikwa gazetini.
Ila alikifuta kidole kile kwa kipande cha ngozi
muda mrefu kuliko wino ulivyohitaji.

Utafiti ukaisha, bango likashushwa,
friji likabebwa na watu wanne hadi kwenye lori.
Na kila nikipita kibandani kwake ananiuliza,
"Damu yangu imefika wapi?"
kwa sauti ya mtu anayemuulizia ndugu
aliyekwenda ng'ambo bila kuaga.

Safari hii kamati ya maadili ilikuwa na Bi. Nyaboke,
mshona sare za shule,
ameketi kati ya maprofesa, chaki ya fundi kwenye kiwiko.
Nilipeleka faili, nikaambiwa nisubiri mlangoni,
na mlango haukufungwa vizuri.
"Mmeandika sampuli," alisema. "Andikeni damu."
Kisha: "Mteja akiniletea kitambaa, nikikata gauni,
vipande vinavyobaki ni vyake.
Nikivitaka, namwomba.
Akikataa, namfungia kwenye gazeti aende navyo."
Mtu mmoja alikohoa.
Mwingine akataja wafadhili, akataja wiki sita,
akataja wagonjwa wanaosubiri, na hakusema uongo.
"Basi tuanze kuandika leo," akajibu Bi. Nyaboke.

Faili lilirudishwa mara tatu.
Nilimlaani kimoyomoyo mara mbili.

Ridhaa na radhi ni watoto wa tumbo moja.
Ukimnyakua wa kwanza kwa haraka,
siku moja utamfuata wa pili kwa magoti.
Hili halimo katika kurasa kumi na tisa.
Nimelipata njiani, nikielekea kazini.

Leo ukurasa wa kumi na saba una visanduku viwili.
Nasoma polepole. Nanyamaza. Nangoja.
Nje cheche zinaruka, chuma kinalia.
Bi. Kasiva anaweka alama: sindano, ndiyo.
Damu itakayobaki, hapana.
"Naruhusiwa?"
"Unaruhusiwa."
Ananitazama kana kwamba nimemrudishia chenji
ambayo hakutarajia kuiona,
na anaihesabu.

Jioni napita kwa Odero.
Nimemwandikia Daktari Cherotich barua mbili, nikataja namba yake,
nikauliza friji lile liko wapi, na nani ana ufunguo.
Bado sijajibiwa.
Sina cha kumpelekea ila hicho: kwamba nimeuliza,
na kwamba siku ile nilisoma mbio.

Hasemi kitu.
Ananipa kiatu nikishike,
anatafuta tundu la sindano kwenye mwanga unaoisha.